Siku Baba Alipokwama Katikati ya Barabara

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumamosi, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote, za upendo na za kukukumbuka sana. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na yule mdogo, kifua kimemwachia? Siku ile uliponipigia nilimsikia akikohoa nyuma yako nikakosa raha mpaka jioni. Mpeni maji ya uvuguvugu, na usimvalishe masweta matatu kwa mpigo, nakujua.

Huku tunapumua. Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika kwa kukaa masijala kutwa nzima na mafaili ya mahakama. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, ila mdomo uko vilevile. Kuhusu Baba, hapo ndipo nimeamua kushika kalamu badala ya simu. Kwenye simu nikisema "Baba" tu, unaniuliza habari za mvua. Barua huwezi kuigeuzia maneno. Isome hadi mwisho, tafadhali, hata ukikasirika njiani.

Baba anaumwa, Kaka. Nilikuambia ni uzee. Nilikudanganya, kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza kusema. Ilianza mwaka juzi kwa mwandiko. Mstari ulianza na herufi za kawaida ukaisha na vidudu. Baadaye mkono wa kulia ukaacha kupunga akitembea. Halafu miguu. Anatembea vizuri tu, akifika mlangoni nyayo zinagoma, kama mtu kazipigilia misumari sakafuni. Kifua kinatangulia, miguu imebaki. Ameshaanguka mara tatu. Daktari anasema ni ugonjwa wa kutetemeka unaoanzia kwenye ubongo. Hauponi, lakini unaweza kucheleweshwa.

Mfikirie Baba huyo huyo. Miaka thelathini na moja mtahini wa madereva, amekaa kiti cha abiria na karatasi zake mapajani, dereva akigusa ukingo wa barabara kidogo tu anasikia neno moja: "Rudia." Mpaka leo mji mzima unamwita Mzee Rudia. Sasa anashindwa kuvuka kizingiti cha choo chake mwenyewe.

Mwezi wa kwanza tulimpeleka kwa binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Msichana mwembamba, sauti ya chini, hana haraka. Alimwacha Baba akwame mlangoni kwake, kisha akawasha muziki kwenye simu, muziki wa dansi, ngoma inagonga sawasawa. Kaka, miguu ilinyanyuka! Akaingia, akafika dirishani, akageuka. Mimi nilijiziba mdomo kwa mkono.

"Hii ni nini?" Baba akauliza, akasimama.

"Ni mdundo tu, mzee. Ile njia ya kawaida ya kuamrisha miguu imeziba. Mdundo unapitia njia nyingine."

"Hii ni dansi."

"Ukipenda kuiita hivyo."

"Zima. Mimi sichezi. Nihesabie moja, mbili, kama askari."

Akazima. Tukarudi nyumbani na kuhesabu moja, mbili. Siku nyingine ilisaidia, siku nyingine haikusaidia, na kila nilipogusia muziki alinitazama kama anavyomtazama dereva aliyepita kwenye taa nyekundu.

Sikumlaumu sana, nikuambie ukweli. Mimi mwenyewe sichezi. Kwenye sherehe za ofisi najitolea kugawa sahani ili mikono iwe na kazi, na muziki ukikolea nakumbuka kwamba kuna mtu nimesahau kumpigia simu. Wasichana wa masijala wanaingia katikati wanacheka, wanasahau hata viatu vyao walivyovua, nami nawatazama nikitamani, huku nikiwaza: je, mgongo wangu ukionekana utaonekanaje? Mikono nitaiweka wapi? Nawaona watu wote wananitazama, na wala hakuna anayenitazama.

Unajua ilianzia wapi. Ule ukumbi, harusi ya binamu. Wewe miaka kumi na sita, mimi kumi na mmoja. Watu walikuwa wamekuzunguka, wanakupigia makofi, na wewe unacheza kama mtu asiye na mifupa. Baba akaingia, akakushika ukosi wa shati, akakuvuta mbele ya watu wote mpaka nje. "Kaa kama mtu," alisema. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nacheza pembeni yako. Nilikaa chini kabla hajanifikia, na naona sijainuka tangu siku ile.

Sasa nikuambie nisichowahi kukuambia. Umemnunia Baba Mdogo miaka yote hii ukiamini ndiye aliyekwenda kumwita Baba uani. Siye. Ni mimi. Nilikimbia nikamvuta mkono, nikamwambia, "Baba, njoo umwone Kaka anavyocheza!" Kwa kujivunia, Kaka. Nilitaka akuone. Ulipoondoka nyumbani miaka miwili baadaye na begi moja, nilijua nimekufukuza mimi, na nikanyamaza. Niliogopa kukukosa kabisa. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, basi angalau mpigie Baba Mdogo.

Nirudi kwenye habari yenyewe. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nampeleka Baba kliniki. Unakumbuka kile kivuko cha waenda kwa miguu chini ya mteremko, karibu na kituo cha mafuta? Hakuna taa pale. Tulivuka nusu. Katikati kabisa, kwenye mstari mweupe, miguu ikagoma.

Nikahesabu moja, mbili. Wapi. Nikahesabu tena kwa sauti. Anatetemeka mwili mzima lakini nyayo hazibanduki. Binti wa mazoezi alishatuonya tusimvute, ataanguka kifudifudi. Juu ya mteremko likatokea lori la saruji, limejaa, linapiga honi. Nikapunga mikono yote miwili kama kichaa. Breki zikalia, likasimama hatua chache tu kutoka kwetu, mpaka nikasikia joto la injini usoni. Nyuma yake honi zikaanza. Pikipiki zikawa zinalipita lori pembeni bila kujua kuna watu mbele yake; moja ikapita karibu kiasi cha kuvuta kofia ya Baba kwa upepo.

Mtu mmoja akachungulia kwenye dirisha la gari lake. "Huyo si Mzee Rudia? Mwambieni arudie!" Watu wakaangua kicheko. Baba alisikia. Nilimwona alivyosikia.

"Toka barabarani," akaniambia kwa sauti ndogo. "Niache hapa, wewe toka."

"Sitoki."

"Nimesema toka!"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kuyumba kushoto na kulia, na wimbo uliokuja mdomoni ulikuwa ule wa Mama wa kuoshea vyombo: *Sogea sahani, kikombe kaa, mwiko pita huku, sufuria ngoja.* Barabarani, Kaka! Katika sketi ya kazini, na mkoba wa mahakama begani! Sauti yangu unaijua. Baba alinitazama kwa hasira ambayo sitaisahau. Nikaendelea. Akafumba macho. Uzito wake ukahamia mguu wa kushoto, kisha wa kulia, na kisigino kikabanduka.

Dereva wa lori alishuka, akasimama katikati ya njia na kutanua mikono kuzizuia pikipiki. Alipoona tunajongea, akarudi kwenye lori akaanza kuupiga mlango wake kwa kiganja, sawasawa na wimbo. Tulivuka hivyo, upande upande kama kaa, mimi naimba habari za sufuria, watu wametoa simu wanaturekodi. Hatua kumi na nne. Nilizihesabu kimoyomoyo.

Tulikaa kwenye benchi la kituo cha mafuta. Shati la Baba lilikuwa limelowa chapachapa. Nilingoja anifokee. Badala yake akauliza, "Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Kwa Mama."

"Mama yako anaimba?"

Hebu fikiria, Kaka. Wameoana miaka arobaini na tatu.

"Alikuwa anaimba ukiwa kazini," nikasema. "Anaimba na kucheza. Sisi pia. Tukisikia funguo zako mlangoni tunanyamaza."

Tukaenda kliniki, tukarudi nyumbani. Tulipofika alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, akakwama pale. Mama alikuwa kwenye sinki.

"Imba," Baba akamwambia.

Mama hakugeuka. "Niimbe nini?"

"Ule wa sahani."

Mama akanitazama mimi, nikainamisha macho. Akafunga bomba. "Miaka yote hiyo nimenyamaza ukiingia, kwa sababu nyumba ya mtahini haina kelele. Leo miguu imekukatalia ndiyo nimekuwa mwimbaji?"

Nilidhani Baba atakasirika. Alibaki ameshika fremu ya mlango. Alichosema hakikuwa kikubwa. Alisema, "Sikujua kama ulikuwa unanyamaza. Nilidhani ndivyo ulivyo."

Mama alifungua bomba tena, akaosha sahani mbili, tatu, kwa kishindo. Kisha akaanza kuimba, kwa hasira, anagonga mwiko kwenye sinki kama anamdai mtu. Baba akavuka kizingiti. Hawakutazamana.

Usidhani mambo yamekuwa matamu. Siku nyingine Mama anakataa katakata, anasema yeye si redio. Nami ile picha ya video ilifika ofisini kabla yangu. Nilipoingia masijala Jumatano, watu kumi na tisa walikuwa wanajifanya kusoma mafaili ambayo hata hawajayafungua, na nyuma ya kabati mtu ananong'ona, "mwiko pita huku." Masikio yaliniwaka moto. Nikakaa. Nikaandika barua mbili bila kujua naandika nini. Saa saba karani mmoja, yule mwenye kucheka kuliko wote, akaja mezani akasema bibi yake ana ugonjwa kama wa Baba, akaniomba nimfundishe huo wimbo. Nikamwimbia pale pale, taratibu, nimetazama ukuta.

Baba aliomba aione video. Akairudisha mara nne. Mara ya nne akauliza, bila kunitazama, "Na yeye, siku ile ukumbini, alikuwa anacheza vizuri?"

Nikamwambia ulicheza vizuri kuliko watu wote. Nikamwambia pia kwamba ndiyo sababu nilikwenda kumvuta mkono kule uani.

Akaiweka simu mezani. Kisha akasema, "Nilisimama mlangoni nikamwangalia, sikuingia mara moja. Halafu baba wa bwana harusi akaanza kuniita, kwamba baba wa mchezaji naye aje katikati. Watu wote wakageuka. Mimi sijui kucheza. Nikaona njia ya kutoka pale ni moja tu, nitoke na yeye."

Ndiyo hivyo, Kaka. Si kwamba ulimtia aibu. Alikuogopa wewe na ule ukumbi mzima, akakutumia kama ngao. Sikuambii umsamehe, ukosi ulioshikwa ulikuwa wako, na aliyechekwa ni wewe. Lakini uliondoka ukiamini jambo ambalo halikuwa kweli, na mimi sitaki uzeeke nalo.

Alinikataza kukuandikia haya. Kisha jana akaniuliza barua inachukua siku ngapi kufika kwako.

Daktari anasema miezi hii ndiyo ambayo bado ana nguvu, baadaye hata mdundo miguu inaweza isiusikie. Njoo. Kama huwezi kuja, piga simu, na akipokea yeye usikate. Mimi namchezesha kila siku lakini sina mdundo, unajua, tunakanyagana. Juzi alinisimamisha katikati ya korido akaniambia, "Rudia."

Ngoja kidogo, ananiita.

Nimerudi. Alikuwa amekwama mlango wa sebuleni. Mama leo kagoma, mimi nilikuwa bado natafuta ndala zangu, na kabla sijafika nikamsikia anajiimbia mwenyewe, polepole, maneno ameyakosea yote. Kaka, amevuka.

Nisalimie sana Wifi, na wanangu wote, waambie shangazi anawapenda. Mama anakusalimu, anasema usiache kula asubuhi. Baba Mdogo naye anauliza habari zako kila Jumapili kama kawaida yake. Baba hajasema nikusalimu, lakini amesimama nyuma ya kiti changu tangu alipovuka, na hataki kuondoka.

Mungu akulinde katika safari zako na akufungulie njia ya kuja kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekukosea,
Kitindamimba