Pistole ya Hewa ya Paluku

Butembo, Jumanne, mwezi wa tano 2001

Musafiri amepita mlango wangu bila kusimama. Miaka yote pikapu yake inayokwenda Mutwanga naitengeneza mimi, hapa nyumbani. Leo asubuhi habari ilienea kwamba askari wanakamata magari ya kuwapeleka Beni, naye akakimbilia kwa jirani yangu Paluku.

"Patron, unisamehe," aliniambia baadaye. "Wewe uko na mukono muzuri, mais Paluku iko na pistole."

Pistole ya hewa, ya kufungulia bulon, skrubu za magurudumu. Trrr, magurudumu manne yako chini, yakafichwa. Askari walipofika walikuta gari limekaa juu ya mawe, wakaenda zao. Mimi na kle yangu, spana ya mkono, ningekuwa bado kwenye gurudumu la pili.

Mtaa mzima unamsifu Paluku. Wateja wengine wakimfuata Musafiri, basi garaji yangu...

Mchana nilienda kwa muuzaji wa vifaa vya garaji. Anazo pistole mbili: kubwa kama ya Paluku, na ndogo. Kompresa yangu ya kujaza hewa ni ndogo. Ile kubwa itamaliza hewa yote kwenye gurudumu la kwanza. Hilo nalijua vizuri. Hata hivyo niliishika kubwa muda mrefu.

Jioni nilipomweleza mke wangu Masika, alicheka. "Baba Kavira, unachagula pistole ao unachagula Paluku?"



Kesho nitachukua ndogo. Itafungua magurudumu manne kabla hewa haijaisha, na hata kwa Paluku hakuna gari linalotembea kwa matano.