Cheti cha Kushukia Korongoni

S.L.P. 31,
Karasburg.
9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Ruben,

Hujambo huko Walvis Bay, na mkeo Elfrieda naye hajambo? Kile kikohozi cha ukungu wa bahari kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Baridi ya alfajiri inagandisha maji ya mbuzi, mama yako anapika kahawa nzito kama kawaida yake, nami siumwi kitu ila hasira.

Barua yako ya kibali nimeiona. Tarehe 22 tunashuka Korongo la Mto Fish, siku tano, watu watatu: wewe, Elfrieda na mimi kiongozi wenu. Na wasipotimia watatu, hakuna kushuka. Hapo ndipo moto ulipowakia.

Mwanangu, hifadhi wanataka cheti cha daktari! Mimi, Apollus Vries, niliyembeba tandala mzima mgongoni kutoka Ai-Ais, tena akiwa bado anapiga mateke! Mimi niliyelala na chui upande huu wa moto na upande ule, tukagombea blanketi! Leo nipimwe mkono kwa mpira wa kupuliza!

Nilikwenda hospitali nikiwa nimevaa kofia ya kanisani. Nesi akapuliza, akatazama, akapuliza tena, akaniita oom, mjomba, kama wanavyowaita wazee wote hapa. “Oom Apollus, umekula chumvi ya mkoa mzima?” Nikamwambia mashine yake imechoka. Akasema, “Mashine haijachoka, oom, imeogopa.” Watu kwenye benchi wakacheka hadi mtoto mmoja akaamka.

Nikaacha chumvi. Nikaacha mafuta ya kondoo, nikanywa mizizi michungu iliyonitoa machozi. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu presha ilikuwa juu kuliko ya kwanza, kwa sababu ya hasira za mara ya pili. Daktari, binti mdogo tu wa kule Ondangwa, akaweka kalamu chini. “Oom, kule chini gari halifiki. Sitii sahihi kifo chako.”

Mama yako alikuwa amenisindikiza. Akavua shali, akanyoosha mkono: “Basi nipime mimi.” Miaka sitini na miwili, Ruben! Daktari akapima, akatabasamu, akagonga muhuri. Mama yako akakunja cheti, akakitia kwenye Biblia, akasema, “Nitakwenda na mwanangu.”

Ni dada yangu mkubwa. Wewe unajua, sisi hatumrudishii dada neno. Tangu siku hiyo natengeneza viatu vyake, napiga misumari kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Sasa nisikilize, na hili Elfrieda asilisome. Kule chini sijawahi kufika. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilishika ile minyororo ya kushukia iliyofungwa mwambani pale juu, nikatazama shimo, miguu ikakataa. Nikarudi nyumbani na habari za chui. Mama yako alijua tangu siku ile, na hajanitia aibu hata mara moja. Mwaka huu nilisema, nikiwa na wewe nitashuka kweli, na zile habari zote zitapata pa kukaa. Ndiyo maana nimechukia hivi.

Nitawangoja Ai-Ais, mnapotokea, na sufuria ya nyama.

Yule beberu mweupe wa zizini mwangu unayemtamani, mchukue. Ni haki yako, mwana wa dada huchukua kizuri cha mjomba. Nami nina haki ya kuchukua kibovu chako, kama nilivyomchukua yule mbuzi wako kiwete. Picha nzuri za kule chini mpe mama yako. Mimi niletee mbovu zote, zilizotikisika, zenye kidole mbele. Nataka kuona sakafu ya lile korongo.

Msalimie Elfrieda, na shangazi yako Fransina ukimwona. Mungu awashikie magoti, na maji yasiwakaukie.

Wako akupendaye, presha na yote,
Mjomba Apollus