Kitabu Kilichosema Fuata Mto

Igawa, Jumatatu 8 Machi 1976
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Kile kitabu kilichopata tuzo nimefika katikati. Mtu kapotea porini. Njaa kaieleza vizuri mwandishi, mpaka nikaenda kutafuta kiporo. Ila shujaa wake haogopi kitu. Mtu gani huyo? Mume wangu anakisifu kama Biblia. Jana kaenda mbugani Usangu kuchanja ng'ombe wa Wasukuma, ndiyo kazi ya bwana mifugo. Kesho atarudi.

Jumatano 10
Hajarudi. Maji yamejaa, labda kalala kwa wafugaji. Labda.

Alhamisi 11
Mzee wa Kisukuma kaleta baiskeli ya mume wangu. Kaikuta kwenye matope, sanduku la dawa bado limefungwa nyuma. Naogopa. Mwandiko wangu mwenyewe siutambui. Mwenyekiti wa kijiji katuma watu upande wa barabara kuu, chini ya milima. Aliyepotea huku hutazama milima akaifuata, kila mwenyeji anajua. Mume wangu ni mtu wa Tanga.

Ijumaa 12
Usingizi hakuna, nikamalizia kitabu. Shujaa anafuata mto, anakuta watu. Hapo mume wangu kapiga mstari kwa penseli, mara mbili. Mungu wangu! Mito ya huku haiendi kwa watu. Inaishia kwenye kinamasi cha Ihefu, kwenye matete, kwa viboko na mamba.

Nilikimbia kwa mwenyekiti bila viatu, nikasema mume wangu kafuata mto, wamtafute Ihefu. Wazee waliokuwa pale wakacheka. Eti, "Mwalimu, vitabu vimekuzidi." Nikawafokea. Sijawahi kumfokea mzee maishani. Yule Msukuma hakucheka. Alichukua fimbo yake, akaita wanawe, wakaondoka kuelekea Ihefu.

Jumamosi 13
Hakuna habari. Kusali siwezi. Nasema tu, tafadhali, tafadhali. Mwandishi nikimkuta nitamzaba kibao.

Jumapili 14
Yu hai! Wamemkuta juu ya kichuguu, maji pande zote. Siku tano. Miguu imevimba, sauti imekauka. Nimepiga magoti mbele ya yule mzee, akanivuta ninyanyuke.

Jumatano 17
Anakunywa uji. Hataki nifunge mlango. Nikienda chooni ananiita.

Kitabu kiliishia shujaa alipofika kwao, vigelegele, basi. Leo jioni mvua ilipoanza kupiga bati, mume wangu aliingia uvunguni mwa kitanda. Nikatandika kanga sakafuni, nikaingia naye. Tulikaa humo mpaka ikakatika.