Shingo Isiyowasha

Senge wangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mara nyingi nilipokuja saluni nikisema mwalimu ametutaka tunyoe, mwalimu hakuwa amesema lolote. Nywele zangu zilikuwa fupi tayari. Nilitaka tu kukaa kwenye kiti chako. Nadhani ulijua, maana uliniuliza, "Leo tena?" kisha ukachukua taulo bila kungoja jibu.

Wewe ni dada wa baba, na kati ya watu wazima wote ndiwe pekee ambaye hukuwahi kuniuliza kwa nini sisemi. Uliniacha na kitabu changu karibu na dirisha, nami nikakaa kwenye ukurasa mmoja kwa sababu nilikuwa nakutazama. Kwanza tishu shingoni, halafu taulo safi, ndipo shuka la kunyolea. Ulipitisha kidole kati ya shuka na ngozi uone kama mtu anapumua vizuri. Mashine uliipangusa kwa spiriti mbele ya mteja, kisha ukaigusisha mkono wako mwenyewe, isije ikawa moto. Na hukumgusa mtu kabla ya kumwambia. "Niazime sikio," ulisema, ndipo ukalikunja.

Unamkumbuka yule mzee wa duka la viatu?

"Ukilikata hilo, nitasikia aje udaku wa mtaa?"

"Mzee, si wewe ndiye huusambaza? Mdomo sijaugusa."

Alicheka mpaka ukazima mashine umngoje atulie. Kisha ukampaka poda shingoni kwa brashi na kumkung'uta kola, na mlangoni akawaambia waliokuwa wakisubiri, "Hapa shingo haiwashi." Ulijifanya hukusikia, lakini ulianza kuimba.

Siku hizi saluni imefungwa. Nikitoka shule hupita upande ule mwingine wa barabara.

Nataka kukueleza siku ya kunyoa. Tulikuzika Kabazi, kwenye shamba la Kukhu, mama yako. Siku chache baadaye familia ilikusanyika uani kunyolewa, kama ilivyo desturi yetu. Jirani yetu Mzee Wafula alikuja na wembe mmoja. Alimnyoa baba, akaupangusa kwenye suruali, akawanyoa ndugu zake. Halafu akamwita Kukhu.

Unajua ana kisukari. Babu alipokufa, Kukhu alikatwa juu ya sikio wakati wa kunyolewa, na kidonda kile kikamlaza hospitalini. Sasa alikuwa ameshikilia leso kichwani kwa mikono miwili. Mama atakataaje kunyolewa kwa ajili ya mtoto wake?

Watu walikuwa wengi, Senge. Nilisogea mbele hata hivyo.

"Mzee, samahani. Huo wembe usimguse Kukhu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Kumbe huyu huongea!" Mzee Wafula akasema, na watu wakacheka. "Haya, daktari, nani atamnyoa?"

"Mimi."

Walicheka tena. Baba hakucheka. "Mwacheni amnyoe bibi yake," alisema.

Binamu yangu alikimbia dukani kuleta wembe mpya. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikanawa mikono. Nilimfunga Kukhu taulo, nikapunguza nywele kwa makasi, nikazilainisha kwa sabuni. Zilikuwa nyeupe na nyepesi, na ngozi chini yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Kila nilikokwenda nilimwambia kwanza: sasa naanza nyuma, sasa napanda juu, sasa geuka kidogo. Leso ilikuwa imekunjwa magotini pake, na mikono iliyokuwa ikiifinya ikaanza kulegea.

Nilipofika upande wa pili nilisikia kichwa chake kikiwa kizito mkononi mwangu. Nilidhani amezimia. Nikainama. Alikuwa amelala. Tangu habari zako zifike, usiku wote alikuwa akikaa tu kitandani akitazama mlango.

Nilimalizia polepole. Hakukuwa na tone la damu. Nikampangusa shingo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, nikamfunika leso yake. Baba alikuja kumwamsha aingie ndani, nikamwambia hapana. Nilisimama nyuma ya kiti, nikakiegemeza kichwa chake kwangu, nikabaki hapo mpaka alipoamka mwenyewe.

Kwaheri, Senge.

Binti wa kaka yako