Makaa Chini ya Kitanda

Alhamisi, 19 Desemba 1968

Nepi zimejaa kwenye kamba mbele ya moto, sebuleni, na zote bado mbichi. Nchi hii ya Uingereza nguo haikauki. Asubuhi wifi yangu Roshan alizianika nje kabla ya kwenda kazini, akazianua jioni zimekakamaa kama mbao. Tulicheka mimi na yeye. Mavyaa, mama yake mume wangu, akatukaripia. Mzazi hachekeshwi, eti tumbo halirudi.

Mzazi ni mimi. Mpaka arobaini itimie sina ruhusa ya kushuka ngazi ila kwenda bafuni. Chumba cha juu, mimi na Nasim wangu, na mavyaa akiingia na kutoka. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, halua ya tangawizi. Vyakula sina ugomvi navyo. Anapika vizuri, lazima niseme.

Ugomvi ni makaa. Kwao Mombasa, na kwetu Unguja vile vile, mzazi huwekewa seredani ya makaa chini ya kitanda, yanatiwa mbegu za ajmo, moshi unampanda yeye na mtoto. Sawa. Lakini nyumba ya kwetu upepo unaingia huku unatokea kule. Chumba hiki mume wangu Anwar amekiziba mwenyewe kwa ajili ya baridi. Magazeti kila ufa wa dirisha. Ubao umepigiliwa misumari mbele ya meko ya kuotea moto, hata dohani imefungwa. Nikamuuliza mavyaa, huo moshi utatokea wapi? Akanijibu, "Wewe umezaa mmoja. Mimi nimezaa saba."

Nimekasirika mpaka maziwa yamegoma kushuka.

Ijumaa, 20 Desemba

Nesi amekuja na baiskeli yake. Muairishi, mikono baridi, roho nzuri. Alipoingia tu alikunja pua, akachomoa magazeti ya juu ya dirisha, akasema mtoto anahitaji hewa kuliko anavyohitaji blanketi la nne. Nikamwambia Anwar amfasirie mama yake neno kwa neno. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, anataka kulala. Akafasiri nusu. Mavyaa akatabasamu na kumshukuru nesi kwa Kiingereza chake cha maneno mawili.

Baiskeli haijafika kona, magazeti yamerudi mahali pake.

Anwar alikuwepo. Aliangalia sakafu. Sijui nani alimfundisha kuangalia sakafu namna ile, maana kazini nasikia ni msemaji.

Jumamosi, 21 Desemba

Idi. Wanaume wamekwenda kusali kwenye ukumbi wa kukodi. Harufu ya pilau ikapanda ngazi kabla ya mimi kupewa sahani. Nilivaa gauni langu la kijani, halifungi kifuani. Nililia kidogo, nikanyamaza.

Mchana wakaja wanawake wa jamaa kutoka Wembley, wamebadilisha treni mara mbili na mabakuli ya tambi mikononi. Wakapanda juu na makoti yao, wakakaa kitandani mwangu, wakamshika Nasim kwa zamu. Anayewaongoza ni Mama Shiraz, rafiki wa mavyaa tangu Mombasa. Akauliza, "Umeshamtia moto?"

Mavyaa akasema, "Hataki. Nesi wa kizungu ndiye mama yake siku hizi."

Wakacheka. Mama Shiraz akanigusa goti, akasema wasichana wa Unguja wamelelewa na vijakazi ndio maana hawajui mila zao. Mimi nimelelewa na mama yangu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaangalia tambi.

Niliona uso wa mavyaa walipokuwa wakishuka. Alikuwa ameaibika, na aibu yake aliiweka juu yangu.

Jumapili, 22 Desemba

Nimegombana na Anwar. Kwa minong'ono, kwa sababu ukuta wa nyumba hii unasikia kila kitu. Anasema ni mara moja tu, robo saa tu, moyo wa mama utulie. Anasema mama ameacha nyumba, ameacha kaburi la baba, tumekuja mbio kabla Waingereza hawajatufungia mlango, na sasa hana kazi yoyote hapa ila hii. Nikamwambia mtoto wangu si kazi ya kumpa mtu aliyekosa kazi. Akasema nina ulimi mkali. Ninao.

Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Ningekuwa kwa mama yangu sasa hivi. Yuko Unguja, serikali haimruhusu kutoka, na barua zake zinafika zimeshafunguliwa. Hajui hata kama ni msichana. Kwa hiyo hapa upande wangu hakuna mtu. Ni mimi tu ninayesema hapana, na hapana ya mtu mmoja inachosha.

Nimesema hapana hata hivyo.

Jumanne, 24 Desemba

Viwanda vimefungwa. Sasa wote tuko nyumbani, na nyumba imekuwa ndogo ghafla. Anwar anatembea kutoka jikoni kwenda sebuleni kama amepoteza kitu. Roshan ameleta tawi la mti na kuliweka kwenye chupa ya maziwa. Mavyaa amelitupa uani. Roshan amelirudisha. Mavyaa amelitupa tena. Naona hata mimi ningelitupa, lakini nilimshangilia Roshan kimoyomoyo.

Nesi amekuja mara ya mwisho. Harudi mpaka mwaka mpya. Nasim ana mafua, pua imeziba, ananyonya na kuacha, ananyonya na kuacha. Nesi akasema ni mafua tu, mvuke wa birika utasaidia, na dirisha liwe wazi kidogo. Alipoondoka mavyaa akasema mbele ya wote, "Baridi imemwingia mwana mifupani. Nilisema. Hakuna aliyenisikiliza."

Anwar akanitazama mimi, si yeye.

Jumatano, 25 Desemba

Mtaa umekufa. Hakuna basi, hakuna treni, sokoni hakuna hata karatasi inayopeperuka. Nimekaa dirishani na sijaona mtu ila mzee na mbwa wake.

Mavyaa leo ni mwema. Amenichana nywele na kunipaka mafuta ya nazi, taratibu, bila kunivuta. Akamwimbia Nasim wimbo wa Kikachi, lugha ya wazee wao, ambao Anwar anasema aliimbiwa yeye. Akasema kesho nikaoge vizuri, nioshe mafuta haya, yeye atamshika mtoto, nisiwe na haraka. Hakutaja makaa. Nadhani ameamua yaishe. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Alhamisi, 26 Desemba

Hospitali. Nasim anapumua. Nimerudi kuchukua nepi tu.

Ijumaa, 27 Desemba

Niandike, maana nisipoandika nitampiga mtu.

Jana nilishuka kuoga baada ya chakula cha mchana. Bafu letu liko nyuma ya jikoni. Nikaosha nywele mara mbili, mafuta hayatoki. Nikatoka nikakaa jikoni kuzikausha mbele ya tanuri, mlango wake wazi. Anwar akaingia. Akaniuliza kama nataka chai.

Tangu tuoane Anwar hajawahi kunipikia chai. Nikafurahi, mjinga mimi. Akachemsha maji, akatafuta sukari kwenye makopo yote, akanihadithia habari za msimamizi wake kiwandani. Tukakaa. Tulikaa muda mrefu. Kikombe cha kwanza, akamimina cha pili. Kila nilipotaka kuinuka alikuwa na hadithi nyingine.

Kisha nikaona mikono yake. Vumbi jeusi kwenye kucha. Na koleo la makaa halikuwepo mahali pake kando ya mlango.

Sikumuuliza. Nilipanda zile ngazi na kanga yangu moja mwilini. Mlangoni chini palikuwa pamesokomezwa taulo, upande wa ndani, mlango ukagoma, nikausukuma kwa bega. Joto likanipiga usoni, na harufu ya ajmo. Karai la chuma chini ya kitanda, limejaa makaa ya mawe mekundu, yale ya mekoni kwetu, si makaa ya miti tuliyozoea. Mavyaa amekaa kitandani, kidevu kifuani. Nikadhani amesinzia. Nasim mapajani mwake, mashavu yamemwiva, mzuri kuliko siku zote. Nikamwinua. Kichwa kikaanguka nyuma na mikono ikaning'inia.

Nilivunja kioo cha dirisha kwa pasi. Nikatoka naye hadi barabarani, bila viatu, nywele mbichi, nikimpulizia mdomoni, nikimwita, nikimpiga miguu. Roshan akakimbilia simu ya kona. Anwar akamtoa mama yake mabegani. Jirani, mama mzungu ambaye hajawahi kutusalimu, akanitupia koti lake na kunishika kiuno mpaka ambulensi ikaja. Nasim alilia ndani ya ambulensi. Kilio kidogo, cha paka. Sijapata kusikia kitu kizuri hivyo.

Hospitali daktari aliuliza imekuwaje. Anwar akawahi. Akasema kwa Kiingereza ni jiko la mafuta ya taa, limeharibika. Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Usimwaibishe mama."

Mama yake alikuwa wodi nyingine na mpira wa hewa puani. Mwanangu alikuwa ndani ya hema la plastiki, na mtu huyu anafikiria aibu.

Nikamwambia daktari. Makaa ya mawe, kwenye karai, chumba kimezibwa kila tundu, na huyu hapa ndiye aliyeyapandisha. Nikamwonyesha kucha zake.

Jumamosi, 28 Desemba

Wanasema tusubiri. Amenyonya, hilo ni zuri. Anakodoa macho kwenye taa, hilo pia zuri. Lakini ubongo wa mtoto mchanga hausemi mapema, ndivyo alivyonieleza daktari, na akaniambia pia kwamba kama ningemaliza kikombe cha pili nisingemkuta.

Sikumaliza. Nilikiacha nusu. Nafikiria ile nusu siku nzima.

Anwar alikuja na machungwa. Nikamwambia aondoke. Akasema hakujua. Nikamwambia alijua kwamba mimi nimekataa, na hilo lilitosha kulijua. Akasema mama alimwapisha. Nikamuuliza ameoa nani. Akalia pale wodini, mbele ya manesi. Sikumhurumia. Namchukia. Naandika neno hili na sirudi nyuma kulifuta.

Mavyaa ametolewa leo. Roshan ndiye aliyenipa habari. Nilitamani wamzuie, nilitamani wamfunge. Kisha nikakumbuka yeye pia alikuwa ndani ya kile chumba. Hakumweka mtoto peke yake na moshi. Alijiweka naye. Hilo linaniudhi zaidi, kwa sababu linaninyima kumchukia kwa raha.

Jumatatu, 30 Desemba

Tumerudi nyumbani. Daktari amempima tena, akamvuta vidole, akamgusa nyayo, Nasim akampiga teke. Akasema haoni dalili mbaya. Tumrudishe baada ya mwezi. Alhamdulillahi.

Roshan amesafisha chumba. Magazeti yote yametoka. Ubao wa meko ameung'oa Anwar, misumari imemchana kiganja. Sikumuuliza kama kinauma. Analala sebuleni, kwenye kochi, na nepi zinaning'inia juu ya kichwa chake.

Mama Shiraz akafika na wenzake. Nilimsikia chini akisema ni kijicho, mtoto alisifiwa sana siku ya Idi, pachomwe pilipili na chumvi kukiondoa. Kuchomwa. Nikashuka ngazi, arobaini yangu haijatimia, nikasimama mbele yake na mtoto mkononi. Nikasema, "Si kijicho, mama. Ni makaa, na nyinyi ndio mliouliza kama nimetiwa moto." Akamtazama mavyaa amtetee.

Mavyaa akasema, "Kweli anavyosema."

Wakavaa makoti yao. Nikapanda juu na hasira yangu yote, sikujua niipeleke wapi.

Jumatano, 1 Januari 1969

Asubuhi kimya. Anwar na Roshan wamelala, kazi inaanza kesho.

Nilikuwa namvisha Nasim soksi. Nikasikia mtu ngazini, hatua nzito, akasimama nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi. Hakuingia.

"Hodi," akasema mavyaa.

Nyumba ya mwanawe. Nilimaliza soksi ya pili. Alingoja, nikisikia pumzi zake, bado hazijakaa sawa.

Nikasema karibu.

Aliingia akakaa ukingoni mwa kiti, si kitandani. Mikono ameikunja ndani ya shali. Hakumwangalia mtoto, aliangalia soksi. Akasema ile soksi nyekundu ameifuma Roshan vibaya, kisigino kimekaa upande. Nikasema ndiyo. Akasema wale saba aliowazaa, watano ndio waliokua. Wawili walikufa ndani ya arobaini, Mombasa, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Alisema hivyo tu, kama anavyotaja bei ya samaki.

Sijamsamehe. Sijui kama nitamsamehe, wala yule aliyelala chini.

Nilimpa mtoto. Akampokea kwa mikono miwili. Nilivuta kiti changu karibu nao, nikaushika mguu wa Nasim, na sikuuachia mpaka aliponirudishia.