Kiti Alichokikataa Baba

Msambweni,
Mfungo Tano, 1956.

Kwa kaka yangu Sefu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa nimeketi, tena nimeketi vizuri, na ukiisoma barua hii mpaka chini utajua kwa nini nimelitaja hilo kabla ya kukuuliza hali. Haya, u hali gani? Shemeji Kanze yu mzima? Na binti yenu, ambaye mimi baba yake mdogo namjua kwa kusimuliwa na madereva wa malori tu, anaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, na mara hii nikisema hajambo sifuati desturi ya barua. Ni kweli hajambo.

Najua barua zangu za nyuma hukuzijibu, wala sikulaumu. Mtu ambaye baba yake alikwenda kumposea, akawekewa kigoda na wakwe, akakikataa mbele ya watu, akasimama mlangoni kama aliyekuja kudai, kisha akaondoka hata chakula hakijapakuliwa, mtu huyo ana haki ya kununa. Mzee Mangi kwa uungwana wake hakukunyima binti yake, lakini ulioa bila ya baba, na tangu hapo mzee hajakanyaga Mackinnon Road wala wewe hujakanyaga Msambweni. Nilifikishiwa maneno yako, kwamba aliyekataa kuketi kwa wakwe zako, nawe huna kiti chake nyumbani kwako. Maneno makali hayo, kaka, lakini kusema kweli nilikuwa upande wako. Nilidhani kama ulivyodhani wewe na kama mji mzima ulivyosema, kwamba baba yetu Mzee Chirau amewadharau wale watu kwa kuwa ni wa bara na ni wafuga mbuzi. Basi nakuomba karatasi hii usiikunje. Ina habari ya kukutoa jambo hilo moyoni, ila siwezi kuifikia habari yenyewe bila ya kupitia kwenye makalio yangu, uniwie radhi.

Ile kazi yangu ya kutengeneza vyerehani imekua, alhamdulillahi. Zamani nilikuwa nikienda kwa baiskeli na mwisho wangu Ukunda. Sasa mafundi wa kushona wananiita mpaka Vanga, mpaka Kinango, na hata huko kwenu wapo walionitumia salamu kwamba vyerehani vyao vinaruka mishono. Kwa hiyo nikanunua pikipiki kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Injini nzima, taa nzima, honi ya kuamsha mji. Kibovu kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ndicho hicho nilichotakiwa nikikalie.

Kilikuwa kipande cha ngozi iliyokakamaa, kimewambwa juu ya chuma, na springi mbili chini yake, moja imekatika. Barabara ya Vanga waijua mwenyewe. Safari ya kwanza nilifika huko siwezi kujua miguu yangu imeanzia wapi. Cherehani cha watu nikakitengeneza kwa kusimama. Mke wa fundi akaniletea kiti, nikamwambia ahsante, nimezoea kusimama. Akakisogeza karibu, nikakataa tena. Basi yule mama akanitazama juu mpaka chini, akaenda zake jikoni, na chai niliyokuwa nikiisikia ikichemka haikuja.

Niliporudi nikaisimulia hadithi hiyo barazani, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka. Aliniuliza kama yule mama alikasirika sana, nami nikajibu kwamba bila shaka, maana aliyekataa kiti cha watu amewakataa na wenyewe. Halafu akaniuliza panaponiuma hasa ni wapi, juu ya mfupa au katikati, na kama maumivu huja papo hapo au baadaye nikishateremka. Nikaona ajabu, kwa kuwa baba yetu huyu si mtu wa kuuliza mtu mzima habari za viungo vyake.

Basi nikaanza kutafuta kiti. Nilikwenda Mombasa nikanunua kimoja kipya cha sponji, kimevikwa ngozi ya bandia nyeusi inayong'aa, na pale dukani nilipokikalia niliona raha ya kifalme. Kumbe dukani hakuna jua. Nilikiacha nje ya msikiti wa Diani kwa muda wa kuswali adhuhuri tu, nikarudi nikakikalia, wallahi nusura niruke mpaka Galu. Tena kinateleza. Kila nikifunga breki najikuta juu ya tangi la petroli. Nikakirudisha kwa mwenye duka, tukagombana, akakipokea.

Ndipo nikaenda Ukunda kwa Karisa, yule fundi wa magodoro, nikamwambia anishindilie kiti cha sufi tupu. Akanishonea kitu laini, kaka, hata nikaogopa kulala usingizi njiani. Mpaka Kwale nilikuwa nikiimba. Kufika Kinango sufi yote imekimbilia pembeni, na mimi nimekaa juu ya chuma kile kile cha zamani, kilichofunikwa shuka. Niliingia nyumbani nikiwa nimekata tamaa kabisa, nikasema bora niiuze pikipiki nirudie baiskeli yangu.

Baba alitoka chumbani, akakibonyeza kile kiti kwa ngumi, akasema kwamba sufi ni ya kuwekea kichwa, haiwezi kumbeba mtu safarini. Akaniagiza nitumie usumba, makumbi ya nazi yaliyolowekwa yakapondwa vizuri, uwe ndio wa chini, na sufi iwe kidogo tu ya juu. Kiti kiwe kipana nyuma na chembamba mbele. Tena katikati, akasema, pasijazwe kitu, paachwe bonde jembamba tangu nyuma mpaka mbele, ili uzito ushikwe na mapaja, na penye kuuma pasiguswe. Nikamuuliza yeye asiyepanda hata baiskeli ameyajulia wapi haya. Akanijibu kwa ukali kwamba amekaa duniani siku nyingi. Nilipokuwa natoka akaniita tena, akasema kiti kiwe kirefu, cha watu wawili. Nikamtania, nikamuuliza anataka kuniletea mke gani wa kupanda nyuma. Akarudi zake chumbani.

Karisa aliposikia habari ya bonde alicheka mpaka sindano ikamchoma. Alisema tangu aanze kazi yake wateja humgombeza kwa kuwapunja usumba, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona mteja anayeomba apunjwe. Lakini alikifanya vile vile, na ngozi ya juu nikaishona mwenyewe, ya ng'ombe, iliyolainishwa kwa mafuta ya nazi. Nikakifunga, nikaenda nacho Kinango na kurudi bila kupumzika. Nilipofika nikateremka, nikaketi barazani juu ya saruji tupu. Sikusikia kitu! Nilicheka peke yangu pale kama mwendawazimu.

Kwa furaha nikamwita baba aje akijaribu, pikipiki imesimama uani, imezimwa. Alikataa, akakataa tena, mwishowe akasogea. Alikusanya kanzu yake, akajishusha polepole kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto, akakaa. Mimi nikawa nasema tu, namsifia Karisa, nausifia usumba. Nilipogeuka kumtazama nikaona machozi yanamtoka. Nikashtuka, nikamshika nimteremshe, nikamuuliza wapi panamuuma. Akaniambia hapamuumi popote, na ndiyo maana analia. Kisha akasema kwamba lau angekuwa na kiti kile siku ile, angeketi kwa Mzee Mangi.

Kaka, keti nawe kama umesimama. Baba yetu anaugua bawasiri. Alikuwa nayo kabla hata ya mama kufariki, na hakumwambia mtu. Siku ile ya posa alisafiri na wazee wenziwe juu ya magunia ya lori tangu Kwale, kutwa nzima, na alipoteremka Mackinnon Road alikuwa ameshachafuka damu. Alijifunga shuka ndani ya kanzu, akavaa koti zito juu yake. Wewe mwenyewe ulimwomba alivue kwa ajili ya joto, akakukaripia mbele ya watu. Na mama yake Kanze, kwa kutuheshimu, alikuwa ametandika juu ya kigoda ngozi ya mbuzi nyeupe isiyowahi kukaliwa na mtu. Baba alisema aliitazama ile ngozi akajiona anainuka na kuacha alama juu yake, mbele ya wakwe, siku ya kuwaomba binti yao. Akaona bora wamwite mjeuri kuliko waone hayo. Akasema ana haraka, akatoka. Chakula alikisikia harufu yake akiwa njiani, na alikuwa na njaa.

Nilimkasirikia, sikufichi. Nilimwambia kwamba amempoteza mtoto na hajamwona mjukuu kwa ajili ya haya ya makalio, na kwamba neno moja tu lingetosha. Akanijibu kwamba neno hilo alilianza mara nyingi, lakini hakulimaliza, na kila mwaka ulipopita lilizidi kuwa zito. Tena akaniuliza ningemwambiaje mkwe wangu neno kama hilo, na mimi nikakumbuka kile kiti cha Vanga na chai yangu iliyobaki jikoni.

Unaikumbuka kata ya marehemu mama, ile pete ya nguo na makuti aliyokuwa akiiweka kichwani akitwika mtungi? Tangu mama alipofariki iko chumbani kwa baba, na sote tulidhani ameiweka kwa ukumbusho. Shangazi Esha aliwahi kuiona kitandani kwake akaangua kilio, akasema hakuna mume aliyempenda mke kama huyu. Kumbe, kaka, alikuwa akiikalia! Bonde la kiti changu limetoka kwenye tundu la kata ya mama. Baba aliponieleza hivyo tulitazamana, halafu tukacheka mpaka jirani akachungulia uani.

Nilimbembeleza aende hospitali, akakubali kwa sharti kwamba nimchukue kwa pikipiki na tusipitie mbele ya soko. Daktari alimpima, akamwambia kwamba ugonjwa huu wanao watu wengi kuliko anavyodhani, na si wa kufa mtu. Alikatwa kidogo, akapewa dawa, akaambiwa akalie maji ya vuguvugu yenye chumvi na ale mchicha kwa wingi. Baba alikuwa amejiandikia kifo siku nyingi, kaka. Tulipotoka pale alipumua kama aliyetuliwa gunia mgongoni, akaniomba tupitie ufukweni, twende kwa mwendo mrefu. Sasa maumivu yamepungua sana. Kila baada ya swala ya alasiri humkuta uani amepanda pikipiki, imezimwa, ameshika kiuno cha mtu asiyekuwepo mbele yake. Ukimuuliza anafanya nini, anasema anazoea.

Ameniagiza nikuandikie mimi, kwa kuwa yeye anaona haya. Nimemsomea yote haya. Alitaka nilifute neno makalio, nikamwambia limeshaandikwa kwa wino. Kisha akasema niongeze kwamba hakukukataa wewe, hakumkataa Kanze, na hakuwadharau watu wale hata siku moja. Alikwenda kule akiwa amefurahi, na alirudi akiwa ameaibika, na aibu yenyewe ilikuwa yake, haikuwa yenu. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Daktari ameturuhusu kusafiri kabla ya Maulidi, kwa kupumzika njiani. Tutalala Kwale, tutalala Kinango, kisha tutakuja kwenu. Mzee Mangi usimwambie habari ya ugonjwa. Baba anasema maneno hayo atampa mwenyewe, wakiwa wawili, faragha. Wewe waambie tu kwamba mzee wa Msambweni anakuja kumalizia ziara yake.

Nifikishie salamu zangu kwa shemeji Kanze, na umbusu binti yenu kwa niaba ya babu yake. Shangazi Esha anawasalimu, na habari ya kata hajaambiwa, wala usithubutu. Karisa naye anasalimu, anajigamba kwamba wateja wengine wameanza kuagiza kiti chenye bonde.

Limebaki moja, na baba amesimama nyuma yangu akinihimiza nilikumbuke. Kanze asihangaike kuazima kiti cha mgeni kwa majirani. Baba anauliza kama kile kigoda bado kipo, na ile ngozi nyeupe ya mama mkwe wako. Kama vipo, anaomba vitandikwe pale pale, na waitwe watu wale wale, aketi mbele yao mpaka chakula kiishe. Nijibu hilo tu, kaka. Mengine tutazungumza mzee akishaketi.

Ni mimi mdogo wako,
Matano wa Chirau.