Wapangaji wa Uani

Jumatatu, 4 Machi

Wameanguliwa! Nimepanda ngazi asubuhi, nikainua kifuniko cha kisanduku cha kati taratibu — kumbe mle ndani kuna vinyama vitupu, macho yamefumba, midomo wazi. Wanne. Wabaya kwelikweli, Mungu anisamehe. Mama yao alinipigia kelele kutoka kwenye kamba ya nguo mpaka nikashuka.

Baba mkwe alikuwa dirishani ananisubiri. Tangu apooze upande wa kulia tumekisogeza kitanda chake pale, aone ua wa nyuma na visanduku vyake vitatu vya ndege juu ya mlingoti. Alivitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao, enzi za useremala wake. Vile vindege vyenye kifua cha rangi ya kutu anaviita wapangaji. Nikamwambia, Baba, wapangaji wamepata watoto. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha akanywa uji. Bakuli zima! Nesi alishaniambia bila kunificha: mzee asipokula, tusijidanganye na vidonge. Nimembembeleza weee, nimemwimbia, nimemnunia. Kumbe dawa yenyewe iko juu ya mlingoti.

Alhamisi, 7 Machi

Ripoti imekuwa sheria. Bila ripoti, mdomo haufunguki. Nashuka kwenye ngazi, naenda kusimama mbele ya kitanda kama askari: wangapi, wana joto, chawa hakuna. Ndipo kijiko cha kwanza kinapita.

Leo amenipa masomo. Maneno yanatoka yamekunjamana, lakini nimeyazoea. Bati linalobana tundu la kuingilia lisilegee, shomoro watapenya na kutoboa vichwa vya watoto. (Kisanduku cha tatu kililegea, shomoro wamehamia na familia yao yote.) Grisi kwenye mlingoti, kwa ajili ya sisimizi na paka. Na wakishavaa — yaani wakishaota manyoya — nisifungue tena. Wakiona mwanga wataruka wote, na mabawa bado. Hilo alilisema mara mbili.

Wakihama wenyewe, hapo ndipo napanda na kijiko kilichopinda, kile cha kwenye kopo la misumari. Nakwangua kiota cha zamani chote. Bila hivyo hawatagi tena, wanahama. Nikamuuliza, kijiko? Fundi mzima, mapatasi yote yale? Akasema ndege hajali.

Halafu akaitazama suruali ya mteja niliyoitundika, akasema mguu mmoja unawahi safari kuliko mwenzake. Mdomo wa huyu mzee haujapooza hata kidogo. Nilienda kuipima. Ni kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu kapiga simu, yuko njiani na lori lake. Atafika Jumamosi ya wiki ijayo. Anasema atambeba baba yake nje na kiti, akae chini ya kisanduku awaone watoto wakitoka. Nikaweka simu sikioni kwa Mzee. Akasikiliza, kisha akasema, wazi kabisa, "Nitawaona." Nimefurahi mpaka nikaunguza kola ya shati la watu.

Amenenepa kidogo shavuni. Au ni macho yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimewaua.

Sikukusudia. Kukusudia kunasaidia nini? Nilitaka nimpigie Mzee picha yao. Tu! Kila siku namsimulia, yeye anatazama ubao kwa nje. Nikasema nitainua kifuniko upana wa kidole, nipitishe simu, nifunge. Nilijua wameshavaa. Alinikataza, nikasikia, na bado nikajiona mjanja.

Kifuniko hakijanyanyuka sawasawa — puu! — wakaruka wote. Hawaruki, wanaanguka huku wanapiga mabawa. Wawili walitua kwenye majani karibu na ukuta, na paka wa jirani alikuwa pale pale, wala hakukimbia, aliinuka tu. Wa tatu kaingia kwenye beseni la nguo. Nilimtoa, nikampuliza, nikamfuta kwa gauni langu. Shingo ikalegea mkononi. Wa nne sikumwona.

Mzee hakuona. Nesi alikuwa amemgeuza ukutani anamnyoosha mguu. Nilisikia wanahesabu, moja, mbili, moja, mbili.

Simu ina picha. Ukungu mtupu, na bawa moja.

Jumapili, 17 Machi

Wa nne nimempata chini ya karo, amekauka. Nimewazika wawili nyuma ya tangi la maji. Wa paka hawana kaburi.

Nilikwenda kugombana na Mama Paka, jirani. Nilimwambia mnyama wake ni jambazi. Akaniambia paka kafanya upaka wake, kisanduku alifungua nani? Aliona kila kitu akiwa anaanua nguo. Akaniuliza kama Mzee anajua. Nikamwambia akifungua mdomo wake nitamshonea nguo zote nje ndani. Hakucheka, mimi pia sikucheka.

Nikaingia ndani na bakuli. "Wangapi?" Nikasema wanne, Baba. Wazima? Wazima, wanasukumana tundu moja. Uji ukaisha. Nilimfuta kidevu, nikaenda jikoni nikalia na taulo mdomoni.

Jumanne, 19 Machi

Siku mbili hizi mama na baba ndege wamezunguka ua mzima wanaita. Kwenye kamba, kwenye karo, juu ya tangi. Nilitamani kuwatupia jiwe, wanyamaze.

Leo wamenyamaza. Na leo wameanza kubeba nyasi! Mmoja katua tundu la kisanduku cha kati na unyasi mdomoni, kachungulia, karudi nyuma. Kachungulia tena. Kaudondosha. Wanataka kuanza upya, na mle ndani kuna kiota cha zamani, kimejaa uchafu wa watoto wangu — wa watoto wao.

Kijiko kiko kwenye kopo. Kazi yenyewe ni ndogo, chai haipoi. Lakini Mzee haondoki dirishani, na halali mchana, analinda. Akiniona nakwangua kiota ndiyo mwisho wa wanne wangu, na mwisho wa uji. Nisipokwangua, wapangaji wanahama. Nimekaa na cherehani asubuhi nzima, sijapitisha hata mshono mmoja.

Ripoti ya leo: wanne, wananona.

Alhamisi, 21 Machi

Shomoro wamegundua. Dume moja limekaa juu ya kifuniko linapiga kelele kama dalali. Bati limemzuia, lakini wapangaji wanamwogopa. Mmoja wao sijamwona tangu jana. Mwenzake bado anakuja na unyasi wake, anachungulia, anadondosha. Chini ya mlingoti kuna nyasi za kutosha godoro.

Mzee amebadilika. Anakula, simsingizii. Ila anakunywa kama mtu anayemeza dawa, macho dirishani, funda baada ya funda, na bakuli linaisha. Leo aliniuliza, "Wanabeba nini?"

Nikasema wadudu, Baba. Watoto wakubwa sasa, wanakula sana.

Akazitazama zile nyasi chini ya mlingoti. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote mimi ni "wewe fundi nguo". Nilifurahi. Aibu iliyoje, nilifurahi!

Ijumaa, 22 Machi

Kesho. Nimepanga maneno. Nitasema wameruka alfajiri, sote tukiwa tumelala. Tumewakosa kidogo tu, Baba. Nimeyajaribu mbele ya kioo. Yanasikika kama uongo.

Jumamosi, 23 Machi

Mume wangu amefika, ana vumbi mpaka kwenye kope. Kabla hata ya kuoga kambeba baba yake na kiti hadi uani. Sikuwahi kupata nafasi ya kumvuta pembeni. Mzee kanyolewa, kavaa shati nililomshonea. Mara ya kwanza kukaa chini ya anga tangu apooze. Alifumba macho, jua likampiga usoni, nikawaza labda hilo litamtosha.

Halikumtosha. Alifumbua, akatazama nyasi zilizojaa chini ya mlingoti. Nikaanza: wameruka alfajiri, Baba. Nikaishia hapo hapo. Mume wangu akasema, lo, tumechelewa! Yule mpangaji mmoja alikuwa kwenye kamba, unyasi mdomoni, anatutazama sote.

Mzee akanyanyua mkono wake mzima. Akamwambia mwanawe ashike ngazi. Mimi akaniambia nilete bisibisi, bati la tundu limelegea, linaonekana hata kwa kipofu.

Nimeingia kuichukua. Naandika nimesimama, kopo la misumari nimelimwaga mezani. Kanifuata kwa sauti, sasa hivi, kupitia dirisha lake mwenyewe: "Mwanangu! Na kijiko!"

Alijua. Tangu lini? Nyasi zilianza Jumanne, na ndege mwenye watoto habebi nyasi. Tangu Jumanne anazitazama kutoka kitandani, na kila asubuhi nasimama mbele yake nasema wanne, na anafungua mdomo. Ule uji wote. Alikuwa anaunywa kwa ajili yangu!

Kijiko ninacho. Mume wangu anauliza nimekwama wapi, ngazi inateleza, na Mzee anamwambia aniache, nitakuja. Shomoro ameanza tena kelele juu ya kifuniko, na yule mwingine, namwona kutoka hapa, bado yupo kwenye kamba, unyasi hajaudondosha —